Jani Lililovundikwa

Mjini Doha, tumbaku iliyovundikwa ni halali kwa aliyeketi na haramu kwa aliyesimama. Aliyeketi yuko ukumbini, katika hoteli kubwa, mbele ya kabati la kioo linalotunza unyevu, anachagua sigara nene ya Cuba, ile ya majani matupu yaliyosokotwa bila karatasi. Aliyesimama yuko getini huko Sanaiya, eneo la viwanda la kusini-magharibi mwa jiji, ambako barabara huitwa kwa namba na mabweni ya wafanyakazi yamepakana na gereji, maghala na karakana. Huyu ana kipakiti mfukoni. Ndani yake mna tumbaku iliyosagwa na kukolezwa chokaa au majivu. Anachota kidogo, anaibana nyuma ya mdomo wa chini, na zamu ya saa kumi na mbili inapungua makali. Sheria Na. 10 ya mwaka 2016, inayodhibiti tumbaku nchini Qatar, imepiga marufuku tumbaku ya kutafuna na ile ya kubwia, ambayo wenyeji huiita suweika, pamoja na sigara za kielektroniki. Sigara nene haikuguswa. Tangu mwaka 2019 inatozwa ushuru wa asilimia 100, ambao kwa mnunuzi wake ni usumbufu zaidi kuliko adhabu.

Ni rahisi kusema kwamba hapo pana matabaka mawili, kisha kufunga daftari. Matabaka yapo, na mtu aliyepita West Bay, upande wa hoteli kubwa, asubuhi na Sanaiya jioni hahitaji makala kuyaona. Lakini kipakiti kina kesi ya kujibu, na ushahidi wake uko ndani ya jani lenyewe: katika bakteria waliolikalia, chumvi walizokuta humo, na joto walilopewa. Sigara ya hotelini na unga wa getini vimepita mikononi mwa viumbe walewale. Kinachovitenga ni nani aliyewasimamia viumbe hao, kwa muda gani, na katika chombo cha namna gani. Sheria inayokataza bidhaa bila kujali usimamizi wake hukabidhi usimamizi huo kwa mtu mwingine, na huko Sanaiya mtu huyo mara nyingi ni jua.

Tuanze na jani lenye heshima zake. Tumbaku ya sigara nene hukaushwa kwa hewa, taratibu, kwa wiki kadhaa, ikining'inia kivulini. Jani hufa polepole, na katika kufa huko hula wanga na sukari yake karibu yote. Ndiyo tofauti yake na tumbaku ya mvuke ya Tabora na Urambo, ambayo hukaushwa kwa joto la bani, yaani nyumba ya kukaushia, kwa siku chache. Vimeng'enya vya jani huzimwa mapema na sukari hubaki. Jambo hilo laonekana dogo, lakini ndilo linaloamua namna mtu atakavyovuta. Moshi wa jani lenye sukari una tindikali, nikotini yake haipenyi vizuri kinywani, kwa hiyo mvutaji wa sigara ya kawaida hulazimika kuushusha mapafuni. Moshi wa sigara nene huelekea kuwa na alkali, na nikotini hupenya kwenye utando wa kinywa bila mapafu kuombwa msaada. Kwa lugha nyingine, bwana wa ukumbini na mlinzi wa getini wanapokea nikotini yao kupitia mlango mmoja. Hawajatambulishwa tu.

Baada ya kukaushwa, majani hunyunyiziwa maji na kupangwa marundo makubwa. Hapo ndipo kuvundika kunapoanza. Rundo hupata joto lenyewe, bila moto, hadi nyuzi 40, 45, wakati mwingine 50 na zaidi. Linapokaribia kuungua kwa joto lake, wafanyakazi hulibomoa, hulipungia hewa, na kulipanga upya, ya ndani yakienda nje na ya nje ndani. Kazi hiyo hurudiwa kwa wiki au miezi kulingana na unene wa jani. Ghala zima hunuka amonia hadi macho kuwasha, kwa kuwa protini za jani zinavunjika na naitrojeni yake inatoka kama gesi. Nikotini nayo hupungua. Tindikali hupungua. Ukali unaokwaruza koo hutulia.

Harufu ambayo watu huilipia huzaliwa humo. Rangi za njano na chungwa za jani, zilezile zinazopatikana kwenye karoti, hukatika vipande, na vipande hivyo ndivyo vyenye kunukia: damaskenoni, ambayo pia ni sehemu ya harufu ya waridi, megastigmatrienoni, yenye jina refu kuliko jani lenyewe lakini ambayo ndiyo mtu huita harufu ya tumbaku iliyokomaa, na nyingine za ukoo huo. Klorofili, ule ukijani, huacha neofitadieni, ambayo haina harufu kubwa yenyewe lakini hubeba za wenzake. Asidi za amino zilizotoka kwenye protini hukutana na sukari kidogo iliyosalia na kuzaa pirazini, zenye harufu ya karanga na kahawa iliyokaangwa. Nyingine hugeuzwa na hamira kuwa aina za alkoholi zenye harufu ya maua. Wauzaji wa sigara nene hupenda kuzungumzia udongo na mikono ya mabibi wasokotaji. Amonia hawaitaji sana.

Nani hasa anayefanya kazi hiyo? Swali hili liligombewa tangu karne ya 19. Mwaka 1891 Mjerumani Emil Suchsland alitangaza kwamba ni bakteria. Alikuwa na mpango wa kuvutia: kuchukua bakteria kutoka tumbaku nzuri ya visiwa vya Karibi, kuwapandikiza kwenye tumbaku duni ya Ujerumani, na kuifanya inukie kama ya Havana. Mtu anaweza kuwazia jinsi wenye mashamba ya Ujerumani walivyolipokea wazo hilo. Miaka michache baadaye Oscar Loew, Mjerumani mwenzake aliyefanya kazi katika Wizara ya Kilimo ya Marekani, alipinga. Aliona majani ya rundo ni makavu mno kwa bakteria kustawi, akasema kazi ni ya vimeng'enya vya jani lenyewe. Katika kutafuta vimeng'enya hivyo alikutana na kimoja kinachovunja peroksidi ya hidrojeni, akakiita katalesi. Leo katalesi inafundishwa katika kila kitabu cha biolojia ya sekondari, kwa kipande cha ini au kiazi, na si wanafunzi wengi wanaoambiwa kwamba ilipatikana kwenye tumbaku ya sigara nene.

Ugomvi ule ulikuja kutulia wanasayansi walipoacha kutegemea bakteria wanaokubali kuota kwenye sahani za maabara na kuanza kusoma vinasaba vya viumbe waliomo kwenye jani. Mfano mzuri ni wa Italia. Sigara ya Toscano, ngumu, nyeusi na iliyopindapinda, hutengenezwa kwa tumbaku iliyokaushwa kwa moshi wa kuni kisha kulowekwa na kuvundikwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 uliufuatilia uvundikaji huo hatua kwa hatua. Mwanzoni hutawala hamira iitwayo Debaryomyces hansenii, jamaa anayestahimili chumvi na anayejulikana pia kwenye jibini. Pamoja naye wamo bakteria wa ukoo wa Staphylococcus. Joto na alkali vinapopanda, hao hupisha wengine wa ukoo wa Bacillus wanaopenda mazingira makali. Kila kundi huandaa meza kwa linalofuata, kisha hushindwa kukaa kwenye meza hiyo. Loew hakukosea kabisa, kwa maana vimeng'enya vya jani vinafanya kazi. Suchsland naye hakukosea, isipokuwa kwa kudhani Havana inaweza kusafirishwa kwenye chupa.

Sasa tufike kwenye naitrojeni, maana kesi yenyewe iko huko. Tumbaku ni mlafi wa mbolea. Naitrojeni inayonyonywa na mizizi na kutotumika hubaki kwenye jani, hasa kwenye ujiti wa kati, kama nitrati. Nitrati yenyewe haina neno. Mchicha unayo, nasi tunaula. Lakini bakteria wengi, hewa inapopungua, hupumua nitrati badala ya oksijeni, na mabaki ya pumzi hiyo ni nitriti. Wamo Staphylococcus kadhaa, wamo Corynebacterium, wamo wengine wengi. Nitriti ikikutana na nikotini na nduguze waliomo kwenye jani, huzaliwa nitrosamini za tumbaku. Mbili kati yake zimeitwa kwa vifupisho, NNN na NNK. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliziweka zote mbili katika kundi la kwanza, la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu, katika kitabu chake cha 89 kilichotoka mwaka 2007. Kitabu hichohicho kiliitaja tumbaku isiyovutwa kwa moshi kuwa chanzo cha saratani ya kinywa na ya kongosho.

Jani bichi karibu halina nitrosamini hizi. Hutengenezwa katika kukausha, katika kuvundika, na katika kuhifadhi, na bakteria wa wastani hawezi kutofautisha hatua moja na nyingine. Viumbe walewale wanaolainisha koo la mvutaji ndio wanaompikia NNN. Mtu asije akadhani sigara ya hotelini imeokoka. Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani ilitoa kitabu kizima kuihusu mwaka 1998: kwa sababu jani lake huvundikwa, moshi wake una nitrosamini nyingi, juu ya lami na monoksidi ya kaboni ambazo kila kinachoungua hutoa. Saratani ya kinywa, ya koo, ya umio na ya mapafu zimo kwenye orodha. Kabati la kioo hutunza unyevu tu.

Hata hivyo, kwenye mizani ya nitrosamini, yupo aliye juu ya wote, naye ni jirani wa kaskazini wa Afrika Mashariki yetu. Toombak ya Sudan hutengenezwa kwa Nicotiana rustica, tumbaku ya aina nyingine yenye nikotini nyingi kuliko ile ya sigara, inayolimwa zaidi upande wa Darfur. Majani hukaushwa, hufungwa matita, hunyunyiziwa maji na kuachwa yavunde kwa wiki mbili hivi katika joto la nyuzi 30 hadi 45. Kisha husagwa, na unga huweza kukaa hadi mwaka mzima ukikomaa. Siku ya kuuza, muuzaji huchanganya unga na maji ya atroni, ambayo ni chumvi ya sodiamu bikaboneti, akifinyanga kwa vidole hadi auone umelainika, kisha huufunika kwa saa kama mbili. Watafiti walipoupima kuanzia mwishoni mwa karne iliyopita, walikuta NNN na NNK kwa mamia ya mikrogramu katika kila gramu, na katika baadhi ya sampuli maelfu. Kamati ya wataalamu wa Shirika la Afya Duniani iliwahi kupendekeza kikomo cha mikrogramu 2 kwa gramu ya tumbaku kavu, kwa NNN na NNK pamoja.

Tofauti hiyo ni kubwa mno kuelezwa kwa pupa ya mtumiaji. Ukipitia tena namna toombak inavyotengenezwa, utaona kwamba kila hatua inawapendelea bakteria: mmea wenye nikotini nyingi, nitrati ya kutosha, unyevu, joto, na muda wa mwaka mzima.

Waswidi walipita njia tofauti, na kwa maoni yangu kisa chao ndicho chenye mafunzo mengi kuliko vyote, ingawa hakina mvuto wa hadithi. Snus yao nayo ni tumbaku ya kubana mdomoni, nayo ina nikotini na chumvi za alkali. Zamani ilivundikwa. Katika miaka ya 1980 watengenezaji waliacha kuitegemea njia hiyo, wakaanza kuipika tumbaku kwa mvuke hadi bakteria wafe, kisha madukani ikakaa kwenye friji. Nitrosamini zikashuka mwaka hadi mwaka. Leo mara nyingi huwa chini ya mikrogramu 1 kwa gramu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, jimbo la Massachusetts lilipopima makopo yaliyowekwa miezi sita katika joto la chumba, chapa za Kimarekani ziliendelea kuongeza nitrosamini zikiwa rafuni, ilhali ile ya Kiswidi ilikaa palepale. Bakteria wa Kimarekani walikuwa wangali kazini. Baadaye kampuni za Marekani ziligundua kwamba bakteria hao waliishi kwenye mapipa ya kuvundikia, wakirithishwa kutoka fungu moja hadi jingine. Mapipa yaliposuguliwa vizuri na kupandwa bakteria teule wasiotengeneza nitriti, nitriti ilianguka. Mama yeyote wa Kikalenjini anayesugua kibuyu cha maziwa kwa mkaa kabla ya kuyagandisha angewaeleza hayo bila malipo.

Umoja wa Ulaya, kwa upande wake, umepiga marufuku kuuza snus tangu 1992, na Uswidi ilipojiunga mwaka 1995 ikapewa ruhusa ya peke yake. Sigara za kawaida zinauzwa kote. Kwa hiyo Qatar haiko peke yake katika kukataza kinachobanwa mdomoni na kuruhusu kinachowashwa kiberiti. Marekani nayo ilipendekeza Januari 2017 kikomo cha mikrogramu 1 ya NNN kwa gramu kavu. Miaka kadhaa baadaye pendekezo lilikuwa lingali pendekezo.

Kwetu Afrika Mashariki jambo hili halijakaa mbali. Ugoro unaosagwa na kubwiwa toka Kisii hadi Unyamwezi hukolezwa magadi, na wazee waliouchanganya hawakuhitaji mkemia. Nikotini ikiwa katika mazingira ya tindikali huwa katika umbo la chumvi na haipenyi utando vizuri. Katika pH 7, takriban sehemu 9 kati ya 100 ndizo zilizo huru kupenya. Katika pH 8 ni nusu. Katika pH 9 ni zaidi ya 90. Kipande kidogo cha magadi kinaweza kuikweza tumbaku hatua hizo zote bila kuongeza jani hata moja. Magadi yenyewe hutoka kwenye ziwa linaloitwa hivyohivyo huko Kajiado, ambako kampuni imekuwa ikiyachimba tangu 1911, mengi yakienda viwanda vya vioo. Zanzibar na Mombasa kazi hiyo hufanywa na chokaa ya tambuu, pale mlaji anapoongeza kipande cha tumbaku juu ya popoo na katu. Oman wana afzal, tumbaku yao ya kubana mdomoni, na watafiti wa huko walipoipima waliikuta na pH iliyopita 10, kiwango ambacho nikotini karibu yote iko huru, na ngozi ya ndani ya mdomo haiko salama hata bila tumbaku.

Nasi pia ni wazalishaji wa jani lenyewe. Songea na Namtumbo hulima tumbaku ya moshi, jani zito la kahawia lililokolea, ambalo ushirika wa Wangoni na Wamatengo ulianza kulikusanya tangu miaka ya 1930. Aina hiyo ya jani duniani huishia kwenye ugoro, tumbaku ya kutafuna na sigara za mtindo wa Toscano. Moshi unaoipa sifa una oksidi za naitrojeni, nazo hutengeneza nitrosamini moja kwa moja juu ya jani hata kabla bakteria hawajapata nafasi. Upande wa tumbaku ya mvuke kuna kichekesho kidogo. Wakulima wa Marekani waliacha mabani ya mabomba katika miaka ya 1970 na kuwasha gesi ndani ya bani, kwa ajili ya usasa, hadi ilipogundulika kwamba hewa ya gesi hiyo ilikuwa ikiyajaza majani nitrosamini. Kufikia mwaka 2000 hivi walianza kurudisha mfumo unaotenga moto na jani. Bani la matofali la Urambo, lenye mabomba yanayotoa moshi nje, lilikuwa limesimama vilevile miaka yote. Lina dhambi nyingine, za misitu, lakini hiyo haikuwa yake.

Tukirudi Sanaiya, tunakuta mkusanyiko ambao maabara ingeuonea wivu. Wanepali na Wahindi wana khaini, tumbaku inayosuguliwa na chokaa kiganjani. Wapashtuni wana naswar, ya Nicotiana rustica, chokaa na majivu. Wabangladeshi na Wahindi wana gutkha yenye popoo. Wasudani wanaijua toombak. Walinzi wa Kenya na Uganda, ambao wengine walikuja wakijua ugoro wa babu tu, hujifunza bidhaa za majirani zao wa chumba, kama wanavyojifunza kupika dengu. Mganda angalau hawezi kusema hakuonywa: sheria ya nchi yake ya mwaka 2015 ilipiga marufuku tumbaku isiyo ya moshi mapema kidogo kuliko ya Qatar. Forodha za Doha hutangaza mara kwa mara kukamata shehena zilizofichwa ndani ya bidhaa nyingine. Zinazopita ndizo zinazouzwa.

Nazo hupita katika hali gani? Kontena baharini, ghala lisilo na kiyoyozi, buti la gari, chini ya kitanda, mfuko wa suruali ya sare. Kiangazi cha Doha hufika nyuzi 45 kivulini. Serikali inaijua hatari ya joto hilo kwa mwili wa mtu: uamuzi wa waziri Na. 17 wa mwaka 2021 hukataza kazi za nje kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, toka Juni mosi hadi Septemba 15. Bakteria hawamo katika uamuzi huo. Kwa aina zinazouzwa zikiwa na unyevu, joto la nyuzi 30 hadi 45 ni lilelile la uvundikaji wa Darfur, na tumbaku iliyotoka kiwandani ikiwa na kiasi fulani cha nitrosamini yaweza kumfikia mlinzi ikiwa na zaidi. Bidhaa kavu na zenye chokaa kali huwabana bakteria zaidi, kwa hiyo hazivundi namna moja. Lakini mnunuzi wa bidhaa ya magendo hana tarehe ya kutengenezwa wala jina la kiwanda la kuaminika. Hata pakiti ikiwa na onyo, onyo halisemi ilikaa juani wiki ngapi. Kinywani nako, bakteria wa ulimi huendelea kugeuza nitrati kuwa nitriti, wakimalizia kazi iliyoanzwa kwenye tita.

Hapo ndipo naona marufuku ina nusu ya haki. Imetambua kwamba baadhi ya bidhaa hizi ni mbaya kupita kiasi, na kwa toombak sioni hoja ya kuipinga. Lakini imeziweka zote kapu moja, yenye mikrogramu 1 na yenye mia kadhaa, kisha ikaliacha kapu juani. Sanaiya imezoea afya ya jamii inayokuja kwa sura ya kufunga: Machi 2020, barabara ya 1 hadi ya 32 zilizingirwa kwa ajili ya kirusi cha korona, na waliokuwa ndani wakabaki ndani. Kufunga ni kwepesi kutangaza. Kumweleza mtu kwa nini kipakiti kilichokaa kwenye dashibodi kimebadilika ndani yake ni kazi ya lugha sita au saba, na haina picha nzuri ya gazetini.

Huduma zenyewe zipo. Shirika la tiba la Hamad lina kituo cha kudhibiti tumbaku, ambacho tangu mwaka 2017 ni kituo mshirika cha Shirika la Afya Duniani. Ndani ya Sanaiya kuna hospitali ya Hazm Mebaireek, iliyofunguliwa mwaka 2018 kwa ajili ya wafanyakazi wanaume waishio bila familia. Na huko Dukhan, magharibi mwa nchi, tangu 2012 kuna hospitali inayoendeshwa na madaktari na wauguzi kutoka Cuba, ambayo hivyo imeiuzia Qatar vyote viwili, sigara na mtu wa kukwambia uiache.

Mtu anayetaka kuacha, popote pale, huenda akapewa ubani wa nikotini wa kutafuna. Ulibuniwa Uswidi na Ove Fernö, baada ya wenzake kuona mabaharia wa nyambizi, ambao hawaruhusiwi kuwasha kitu chini ya maji, wakibana tumbaku mdomoni badala ya kuvuta. Uswisi iliuidhinisha mwaka 1978. Ubani huo umetiwa kabonati ya sodiamu, ili mate yawe na alkali na nikotini ipenye utando wa shavu. Ni hila ileile ya magadi ndani ya ugoro, na ya atroni ndani ya toombak. Kilichoondolewa ni jani, pamoja na wapangaji wake wote. Anayeutumia huelekezwa autafune polepole, kisha aubane kati ya shavu na ufizi. Mlinzi wa Sanaiya hatahitaji maelekezo hayo.